Siku Moja Maishani Mwangu: Kuchapa Jezi za Simulizi Mjini Melbourne

Ninaandaa michoro katika karakana ndogo ya kuchapa sare za michezo mjini Melbourne, Australia. Siku ninayoisimulia ni ya mwezi wa Mei, majira ambayo klabu za kandanda ya Kiaustralia, mchezo tofauti na soka, kubwa kwa ndogo, huvaa jezi zilizobuniwa na wasanii Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Tangu mwaka 2016 ligi kuu imeiita raundi ya mechi za jezi hizo kwa jina la Sir Doug Nicholls, mtu wa kabila la Yorta Yorta aliyechezea klabu ya Fitzroy, akawa mchungaji, na mwaka 1976 akateuliwa kuwa gavana wa jimbo la Australia Kusini, Mwaborijini wa kwanza kushika cheo hicho.

Saa moja asubuhi huwasha kwanza mashine ya joto, kwa sababu huchukua muda kufika takriban nyuzi joto 200 za Selsiasi. Mchoro huchapwa kwenye karatasi ukiwa umegeuzwa, kisha karatasi hukandamizwa juu ya kitambaa cheupe cha poliesta, na wino hugeuka mvuke ukaingia ndani ya nyuzi zenyewe, kwa hiyo rangi haibanduki hata jezi ikifuliwa kila wiki. Ugumu ni kwamba kitambaa huchapwa kikiwa vipande, ndipo kishonwe. Kwa hiyo mchoro uliokuwa mzima kwenye karatasi hulazimika kuvuka mishono.

Saa tatu alifika mchoraji, mama mzee wa Yorta Yorta ambaye sote karakanani tunamwita Shangazi, kama ilivyo heshima ya hapa kwa wazee wa jamii yake. Alikuwa amechora Dhungala, mto ambao ramani huuita Murray, ukishuka kutoka bega la kushoto hadi mgongoni, na penye kona yake maumbo ya uru, kama lile la karata, moja ndani ya jingine, kuonyesha mahali watu walipokuwa wakikutana. Kwenye kompyuta yangu mahali hapo paliangukia kwapani, juu ya mshono hasa. Nilipopendekeza tupapunguze, alikataa, nami nilimwelewa, kwani kwetu pia fundi hapitishi mkasi katikati ya jina la kanga.

"Kwa nini unalazimisha mto uvuke mshono?" aliniuliza. Ndipo akanieleza habari za joho la ngozi za posamu la mwaka 1853, lililotoka kwa watu wake karibu na mji wa Echuca na sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho hapa mjini. Joho la namna hiyo lilishonwa kwa ngozi nyingi za mnyama huyo mdogo wa mitini, na kila ngozi ilichanjwa mistari yake, hivyo mshono haukukata chochote. Tuliugawa mchoro upya kwa kufuata mfano huo: kifua kikapewa mahali pa kukutania, mgongo ukapewa maji, na ubavu ukapewa mistari ya kingo za mto. Kazi hiyo ilituchukua hadi adhuhuri, na kwa maoni yangu ndiyo jezi bora iliyopita mikononi mwangu mwaka huo.

Saa saba katibu wa klabu iliyoagiza jezi hiyo alipiga simu akiuliza nukta ziko wapi, maana alizoea kuziona katika "sanaa ya Waaborijini". Swali hilo hunichosha, ingawa huulizwa kwa nia njema. Michoro ya nukta iliyoenea duniani ilitokana na wachoraji wa Papunya, katika jangwa la kati, walioanza kupaka rangi kwenye mbao na turubai mwaka 1971. Watu wa kusini-mashariki wana mistari na maumbo ya uru, waliyoyachonga kwenye ngao na miti. Kumtaka Shangazi aweke nukta ni kumtaka asimulie nchi ya watu wengine, jambo asilo na idhini nalo. Katibu alikubali, akaomba tu nembo ya mfadhili iongezwe ukubwa. Tulimnyima hilo pia, kwa kuwa ingefunika kifua chote.

Alasiri tulichapa kola zenye bendera ya Waaborijini kwa klabu nyingine. Harold Thomas aliibuni mwaka 1971, na mwaka 2020 ligi kuu iliiacha kando kwenye raundi hiyo kwa sababu ya mgogoro wa leseni; Januari 2022 serikali ilinunua hakimiliki kwa zaidi ya dola milioni 20 za Australia, na sasa yeyote anaweza kuitumia bila kulipa.

Saa kumi sampuli ilitoka mashinani. Shangazi aliivaa juu ya sweta lake, akajipima kwenye kioo, akaagiza rangi ya maji ikolezwe. Kabla hatujafunga, katibu aliandika tena, akitaka mchoro huo huo kwenye chupa za maji na kofia za kuuza. Mkataba unataja jezi za msimu mmoja tu, kwa hiyo nilimjibu kwamba ombi hilo litaandikwa upya, litalipiwa, na jibu litatoka kwa mwenye simulizi.