Nilivyoichosha mashine yangu mwenyewe kwa kufuta kache

Kuna kipindi kwenye Linux yangu kila nikipiga free -h, amri ya kuonyesha memori, naona safu ya free imebaki kiduchu, RAM giga 16 lakini iliyo huru haifiki hata giga moja, nikajua hapa naibiwa kweupe. Nikaweka kazi kwenye cron, kiratibu cha kazi za kujirudia, kila saa ifanye sync (kushusha data kwenye diski) halafu iandike 3 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches, yaani ifute kache. Namba inapanda, roho inatulia, ila kila saa ikigonga databesi inaanza kujikongoja, na mimi kwa ujuaji wangu nikaongeza iwe kila nusu saa.

Kumbe Linux ikisoma faili inabakiza nakala, ndiyo hiyo kache, kwenye memori isiyo na kazi ili likitakiwa tena isihangaike na diski, na programu ikihitaji nafasi nakala hizo zinatupwa chap. Ya kuangalia ni safu ya available, inayohesabu na kache inayoweza kutupwa, sio free. Yaani nilikuwa namwaga maji ya mtungi kila saa halafu narudi kisimani kuchota yaleyale.

Kero yenyewe hasa ilikuwa kwenye kuandika. Unakopi faili la giga 2 kwenda kwenye flashi, mstari unafika asilimia 100 fasta, unataka kuichomoa unaambiwa subiri, dakika zinapita. Mzigo bado uko kwenye memori! Kuna mipangilio miwili ya mzigo unaosubiri kuandikwa: kwa kawaida vm.dirty_background_ratio ni 10, hapo keneli (kiini cha Linux) inaanza kushusha mzigo kimyakimya, na vm.dirty_ratio ni 20, ikifika hapo programu inayoandika inabanwa kwanza isubiri. Sasa hizo ni asilimia za memori inayopatikana, kwa hiyo ukiongeza RAM na mlundikano unaongezeka, wakati flashi ni ileile inayotembea kama kinyonga. Nikaachana na asilimia, nikaweka vm.dirty_background_bytes 16777216 na vm.dirty_bytes 67108864, yaani mega 16 na mega 64. Mstari siku hizi unaenda polepole, lakini hausemi uongo.

Swappiness, yaani jinsi keneli inavyopenda kuhamishia memori ya programu kwenye diski, sijaigusa, iko 60 yake.

Bakapu ya usiku nayo ilikuwa inasoma mafaili yote mara moja tu na kufukuza ya databesi kwenye kache, nikaongeza mwito wa posix_fadvise yenye DONTNEED kwenye skripti, ikimaliza faili inaiambia keneli hili silihitaji tena.

Cron ile nimeifuta. Drop_caches naigusa nikitaka kupima kasi ya diski tu, maana bila hivyo ukisoma faili mara ya pili unapima RAM, unajisifia SSD.