C5 ya mwaka gani

"C5 ya mwaka gani?"

Nalala nayo, naamka nayo, tangu Jumatatu. Wiki hii Mzee katolewa mtoto wa jicho na karudi nyumbani Bombo salama, ofisini tumehamishiwa ghorofa ya chini na bosi mpya kaanza, lakini mimi nikishika tu kijiko cha sukari naisikia sauti ya yule kijana, ya mwaka gani, ya mwaka gani.

Mnajua nimeizunguka hii habari ya GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, tangu mwaka jana. Basi Jumatatu kutoka kazini nikapanda mpaka kile chumba cha Wandegeya, hapa Kampala, wanapofundisha GRE, juu ya duka la fotokopi, pale wanapokaanga rolex, zile chapati za mayai, na moshi unapanda ngazi pamoja na wewe. Kozi milioni moja na laki mbili, wiki nane, na mtihani wenyewe dola 220 unalipa kando. Laki tano ya kuanzia nilikuwa nayo kwenye bahasha, mkoba nimeubana kwapani kama nimebeba mayai. Kijana ananiuliza, Madam, hesabu ulisoma mpaka wapi? Nikasema mpaka S.4, kidato cha nne, A-level nilichukua HEL isiyo na hesabu, lakini hiyo S.4 nilipata C5, alama ya kati. Na nilisema kwa maringo kidogo maana darasani kwetu C5 ilikuwa kitu jamani. Akaacha kuandika.

"C5 ya mwaka gani?"

Nikasema 2009. Hakucheka, angecheka ningemsamehe. Aliandika tu 2009 kwenye fomu, akapiga mstari chini yake, akasema basi Madam wewe tukuweke kwenye pakeji kubwa, milioni moja na laki nane.

Na mimi nikasema sawa kaka, nitarudi. Kwa kile kisauti changu. Mtu anayepiga mahesabu ya mishahara ya watu 64 kila mwezi! Kwani C5 ni maziwa, inaisha muda? Hilo jibu lilinijia nimeshafika Bwaise, nikalisema kwa sauti, wa boda akageuka akauliza unasemaje. Jumanne nikapata jingine zuri zaidi, nikiwa naoga. Jumatano jingine. Banange, majibu yote mazuri yananikuta bafuni.

Alhamisi usingizi ukakataa, nikafungua ule mtihani wa majaribio wa POWERPREP, hao ETS wanaotunga GRE wanatoa miwili bure na sikuwahi kuugusa hata mmoja, niliogopa matokeo. Insha ikaja, dakika 30, nikaandika, nikakaa nasubiri ya pili. Haikuja. Zikaingia hesabu. Nikajua nimebonyeza vibaya, lakini nikaendelea mpaka mwisho, halafu nikatoa ile karatasi niliyopewa Wandegeya na kuisoma vizuri: insha mbili, masaa 3 na dakika 45. Nikaingia kwenye ukurasa wa ETS. Tangu Septemba 2023 mtihani umekatwa, sasa ni lisaa limoja na dakika 58, insha ni moja tu.

Karatasi ya mwaka gani, kaka?

Nilicheka mpaka Mama Sabra akagonga ukuta.

Sasa niseme na ukweli. Kiingereza nilipata 156, hesabu 147, na juu kabisa ni 170, kwa hiyo ile C5 kweli ni ya 2009, kijana hakukosea hapo. Ila hesabu zenyewe ni za sekondari, hamna hata zile sin na cos zilizonitesa, na nyingi nilizokosa ni za asilimia. Asilimia! Kitu cha kila siku kazini. Kumbe anayejua asilimia ni Excel, mimi najua kubonyeza. Halafu vyuo vinne vilivyo kwenye daftari langu, viwili vimesema GRE si lazima, na hilo niliandika kwa mkono wangu mwezi wa tatu, sasa sijui nilipanda zile ngazi kufuata nini. Labda nilitaka tu watu wa kukaa nao jioni. Sijui.

Jumamosi Fahim wa kaka yangu, yule wa S.3, alikuja kunifundisha asilimia bila kalkuleta, malipo ni rolex ya mayai mawili. Ana kiburi huyo mtoto, "Shangazi umesahau kugawanya," lakini anaeleza vizuri na hajaniuliza mwaka. Bahasha bado iko mkobani, sijairudisha SACCO.

Halafu lile fenesi kubwa la uani limening'inia juu kabisa ya tanki la maji, limeshaanza kunukia, na mwenye nyumba hapokei simu. Usiku upepo ukivuma nakaa tu macho nasikiliza.