Mfereji wa mikromita 200 kwa printa ya rezini: majaribio ya 4 hadi 7

Printa yangu hujenga kipande tabaka kwa tabaka kwa kugandisha rezini ya majimaji kwa mwanga, nami nataka kipande chenye mfereji mwembamba wa kupitisha maji ndani yake. Majaribio matatu ya mwanzo yalinipa vipande safi vya polima visivyopitisha hata tone la maji. Mchoro ulikuwa na mfereji mmoja wenye upana wa mikromita 400 (mikromita 1,000 ni milimita moja), yaani pikseli 8 za skrini ya printa yangu, na kimo cha mikromita 200. Kila nilipokitazama kipande kwa lenzi, tundu la kuingilia lilikuwa wazi, ila njia yenyewe ilikuwa imeziba.

Nilishuku uoshaji kwanza. Nilisukuma isopropanoli (alkoholi ya kuoshea rezini bichi) kwa bomba la sindano hadi mpira wa kuliunganisha na kipande ukachomoka na kunirushia rezini usoni (miwani niliivaa, nashukuru), lakini njia haikufunguka.

Kosa lilikuwa kwenye mwanga. Printa hii huangaza kutoka chini kwa mwanga wa urujuani wa nanomita 405, huku kipande kikining'inia kichwa chini miguu juu, kwa hiyo tabaka la paa la mfereji huangazwa wakati rezini bichi imenaswa nyuma yake. Tabaka lina unene wa mikromita 50 tu. Mwanga unaosalia hulivuka na kuingia mferejini, na kila tabaka linalofuata huongeza kidogo, mpaka rezini iliyonaswa nayo ikaganda.

Ili kupata hakika, niliweka rezini kwenye kipande cha kioo juu ya skrini, nikaiangaza kwa muda tofauti, nikafuta bichi na kupima unene wa iliyoganda. Sekunde 2 zilinipa mikromita 110, sekunde 4 zikanipa 210, na sekunde 8 zikanipa 310. Muda ukizidishwa mara mbili, unene huongezeka kwa takriban mikromita 100 ileile. Nilipojumlisha mwanga wa matabaka yote ya paa, hesabu ilionyesha kwamba mgando ungepenya kiasi cha mikromita 240 ndani ya mfereji wenye kimo cha 200. Nilikuwa naosha kitu kisichooshika.

Katika jaribio la 5 nilikoroga rangi ya chungwa ya kutilia rezini, kwa kuwa hunyonya mwanga wa urujuani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walifuata kanuni hiyohiyo mwaka 2017, kwa kinyonyaji kingine na printa waliyoiunda wenyewe ya nanomita 385, wakapata mifereji ya mikromita 18 kwa 20. Mimi sina tamaa hiyo. Sasa sekunde 4 hugandisha mikromita 73, kiasi kinachotosha kulishika tabaka lililotangulia.

Jaribio la 6 lilipitisha maji, ingawa kimo kilipungua hadi kama 150, hivyo katika la 7 nilichora 250. Jana nimeingiza rangi mbili za chakula kwenye makutano yenye umbo la Y, zikatiririka bega kwa bega kwa sentimita 3, zikitenganishwa na ukungu mwembamba tu katikati. Bado pananivujia pale mpira unapoingia.