Bibi alipokuja kuona tunavyokaa

Juzi umeme ulipokatika, mwanangu alinikuta ukumbini gizani, miguu nimeikunja, macho nimeyafumba. Akangoja mpaka nikayafumbua. "Mama, ulikuwa unasali?" Nikamwambia hapana. "Sasa ulikuwa unafanya nini?" Nikamwambia akalale, kesho skuli.

Swali hilo marehemu bibi aliniuliza zamani, ule msimu wa kiza. Wa Unguja mnaukumbuka. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 umeme wa kutoka Bara haukufika, pampu zikasimama, mabomba yakakauka, na Mji Mkongwe mzima ukawa ngurumo za jenereta. Mchana kazini, alasiri foleni ya maji. Jumamosi jioni nilikuwa napanda ngazi za nyumba moja Kiponda, ghorofa ya tatu, kwa mzee wetu aliyetufundisha kutafakari.

Asili yake Ceylon, Sri Lanka ya leo, dini yake Ubudha, mengine yote Mzanzibari. Utotoni walimvusha Dar es Salaam kwenye hekalu la Wasinhala, lililoanza miaka ya 1920. Lakini kutafakari hakufundishwa na mtawa. Alijifunza Igatpuri, India, kwa njia ya S. N. Goenka, mfanyabiashara wa Kihindi aliyezaliwa Burma, Myanmar ya leo. Na mwalimu wa Goenka, U Ba Khin, alikuwa Mhasibu Mkuu wa Serikali ya Burma. Mzee hakuchoka kukitaja cheo hicho. Alitaka tuelewe kwamba mtu anaweza kushinda na hesabu za serikali, akarudi kwa mke na watoto, na bado akaijua pumzi yake.

Nasi tulikuwa watu wa namna hiyo hiyo: mwalimu wa skuli, mpishi wa hoteli, fundi cherehani, mimi. Ada hapana. Tulikaa saa nzima tukiiangalia pumzi inavyoingia na kutoka, pale kwenye ngozi kati ya pua na mdomo. Huivuti, huihesabu, huitilii neno lolote. Akili ikitoroka unairudisha, bila kuigombeza.

Habari zikamfikia bibi.

"Mnakaa mnamwomba nani?"

"Hatumwombi mtu, bibi. Tunaangalia pumzi."

"Pumzi inaangaliwa?"

Jumamosi iliyofuata akavaa buibui lake, akasema twende.

"Masalkheri, Bi Mkubwa. Karibu," mzee akampokea. Bibi hakuzunguka, akamuuliza wanafundisha nini. Mzee akamtajia yale matano ambayo kila anayekaa anayashika kwanza: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutotumia vileo. Bibi akasikiliza mpaka la mwisho. "Haya hata sisi tunayo," akasema, akaenda kukaa ukingoni mwa mkeka karibu na mlango, akatoa tasbihi yake.

Saa ile naikumbuka kuliko saa zote nilizokaa. Karabai imepunguzwa, dirisha wazi, jenereta la duka la chini linatetema mpaka kwenye mbao za sakafu. Na nyuma yangu punje za tasbihi. Bibi alizivuta polepole, moja, kimya, moja tena, na katikati nasikia pumzi yake ya kizee ikipanda na kushuka. Nilijaribu kuishika yangu, ikakataa. Nilikuwa nawaza atasema nini tukirudi. Mguu wa kushoto ukafa ganzi, jasho likanitiririka mgongoni, na kila nikiirudisha akili inakwenda kwenye zile punje. Mwisho nikaiacha huko. Punje ikianguka, pumzi inatoka. Sijui ilikuwa muda gani, lakini lile jenereta nililisikia bila kulichukia, jambo ambalo tangu Disemba lilikuwa halijanitokea.

Ikaadhiniwa Isha. Msikiti wa jirani haukuwa na umeme wala mafuta, kwa hiyo ilikuja sauti tupu ya mtu, bila spika. Bibi akainuka. Na mzee, ambaye kila siku alitufundisha kutotikisika mpaka saa iishe, akainuka pia. Akalifunua pipa, akachota maji kwa kata, akajaza birika, akaliweka mlangoni mwa hamamu, akampa mgongo. Maji yale alikuwa ameyapandisha mwenyewe, dumu kwa dumu. Bibi akatawadha. Nami nikatawadha, nikasali ubavuni kwake, kisha nikarudi mkekani kumalizia saa yangu.

Njiani alisema neno moja tu: "Yule bwana anapanda ngazi zile na maji, kwa umri ule?"

Kuanzia hapo, kila Jumamosi asubuhi, kijana alitumwa Kiponda na dumu la maji la bibi, na sisi wenyewe nyumbani tukioga kwa kopo. Hakunikataza kwenda, wala hakusema ni jambo jema. Mzee naye hakuwahi kunihimiza niamini yao ya kuzaliwa tena, ambayo sikuyachukua na sitayachukua. Umeme ulirudi, mzee akahamia Dar kwa mwanawe, kundi likatawanyika. Mimi bado nakaa, baada ya Alfajiri, nyumba haijaamka.

Nilitamani sana kauli ya bibi, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kusali. Mara moja nikajikaza nikamuuliza waziwazi: "Bibi, niendelee?" Akaniuliza kama lile dumu la mzee limeshajazwa.