Siku moja maishani mwangu: mchana usukani, usiku chanta

Saa 10:20 alfajiri. Glasgow bado kiza na manyunyu hayajakatika. Mama Salma na watoto wamelala, kwa hiyo chanta, bomba la kujifunzia zumari ya Kiskoti, naiacha mezani. Chai ikichemka nashika penseli badala yake, mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, nainua vidole kimoja kimoja: shahada ya kushoto, shahada ya kulia, kidole cha pete cha kushoto. Hizo ndizo nakshi tatu za mwanzo, noti fupi mno zinazopenyezwa kati ya noti za wimbo: G, D na E. Tangu mwezi uliopita sijaruhusiwa kugusa nyingine.

Saa 12:05 asubuhi. Natoa basi depo. Mpaka saa 4:00 ni abiria, taa na mvua.

Saa 4:10. Mapumziko. Wenzangu wanakunywa chai, mimi naingia chumba cha makoti na kufunga mlango. Kwa asiyeijua, chanta ni bomba jembamba la plastiki lenye matundu nane ya vidole, na ndani yake mna ulimi mdogo unaotetema ukipuliza. Haina mfuko. Wanaojifunza zumari ya mfuko ya Kiskoti huanzia hapa, na hata mabingwa hawaiachi maisha yao yote.

Neno nakshi mwanzoni lilinipoteza. Kwetu Kilwa nakshi ni urembo wa mlango: ukiuondoa, mlango unabaki mlango. Kwenye zumari si hivyo. Mfuko unasukuma hewa bila kukoma, huwezi kukata sauti kwa ulimi wako, wala kupiga noti moja kwa nguvu na nyingine polepole. Ukitaka A mbili mfululizo, utasikia A moja ndefu. Kinachozitenganisha ni nakshi: shahada ya kushoto inaruka na kurudi upesi, G inachomoza kidogo tu, na sikio linahesabu noti mbili. Hata mkazo wa mapigo unatoka humo humo.

Leo shida yangu ni kutoka D kwenda E. Vidole vitano vinabadilishana zamu: vitatu vya kulia vinashuka, cha mwisho kinainuka, cha pete cha kushoto nacho kinainuka. Mkono wa kulia ukitangulia hata kidogo, katikati panapenya A ya chini ambayo hakuna aliyeiita. Nimelisikia kosa hilo mara nyingi kiasi kwamba nalitambua kabla halijatoka. Narudia mara thelathini. Kumi za mwisho ni safi.

Saa 8:30 mchana. Zamu imekwisha. Nawachukua watoto shule, nakaanga samaki, nalala saa moja.

Saa 11:00 jioni. Napiga sebuleni. Salma anachora, hainui kichwa. "Baba, leo ile sauti ya katikati haipo." Ana miaka saba. Sijawahi kumweleza habari ya sauti ya katikati.

Saa 1:00 usiku. Ukumbi wa kanisa. Bendi inafanya mazoezi chumba kikubwa, inajiandaa kwa mashindano ya dunia ya bendi za zumari, yale ya kila Agosti pale bustani ya Glasgow Green. Sisi wanafunzi tuko meza ya jikoni na mwalimu na metronomu, kifaa cha kugonga mapigo, 60 kwa dakika. Mwezi uliopita nilimletea wimbo mzima, wa mbio. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaifunga karatasi ya wimbo na kunirudisha kwenye A tatu. Niliumia. Lakini alikuwa sahihi: nakshi zangu zilikuwa nene, kila moja imegeuka noti kamili, na wimbo ulikuwa unayumba.

Chanta yake si ya plastiki, ni ya mpingo. Kila akiniruhusu kuishika naigeuza taa ipite juu yake. Naujua mti huu tangu utoto, moyo mweusi, mbao ya nje nyeupe, ukiutupa majini unazama. Zumari nyingi za nchi hii zimechongwa kwa mpingo uliotoka kusini kwetu na Msumbiji. Hapa ukumbini najisikia mwenyeji kwa sababu hiyo.

Napiga G, D, E juu ya A, kisha juu ya B, kisha D kwenda E mara nane. Metronomu inagonga. Mwalimu amefumba macho. Kimya.

"Haya," anasema. "Dablingi ya B."

Ni nakshi mbili juu ya noti moja: unaingia B kwa G, halafu D inaikata papo hapo. Ananionyesha polepole, kila kipande na pigo lake, kabla ya kuvisogeza pamoja. Vyangu bado vinagongana.

Saa 4:00 usiku. Nyumba imelala tena. Penseli iko pale nilipoiacha alfajiri. Shahada ya kushoto, shahada ya kulia. Tena. Shahada ya kushoto, shahada ya kulia.