Udaktari wa nje: barua ya baraza kwanza, ada baadaye

Mdogo wangu wa mwisho anataka kusomea udaktari nje ya nchi, na tangu alitamke hilo kuna wakala hamwachi apumue. Kila akipiga simu anasema chuo chake kinatambulika duniani kote. Mimi nilisoma nje, nikarudi, nikapata leseni, na kauli hiyo inanitia hofu. Hakuna chuo kinachotambulika duniani kote. Kila nchi ina mamlaka yake ya kusajili madaktari, na hao ndio wenye neno la mwisho juu ya nani aruhusiwe kumtibu mgonjwa.

Kwa hiyo nimemwambia aanze na baraza la madaktari la nyumbani. Aandike barua pepe, ataje jina kamili la chuo, kampasi, shahada na lugha ya kufundishia, kisha aulize mhitimu wa hapo husajiliwa kwa masharti gani. Jibu la mdomo halitoshi. Kozi ni ya miaka mitano au sita, na kanuni hubadilika.

Tazama India, nchi ambayo vijana wake wengi huenda kusomea udaktari nje. Kanuni zake za Novemba 2021 zinadai masomo yasiyopungua miezi 54, kwa Kiingereza, na miezi 12 ya mafunzo kazini katika chuo kile kile cha nje. Mhitimu akirudi kuna mtihani, na miezi 12 mingine ya mafunzo kazini. Zaidi ya hayo, awe anastahili leseni ya kutibu katika nchi alikosomea, sawa na raia wa huko. Sharti hili la mwisho ningeliuliza hata kama baraza letu halilitaji. Zipo kozi zinazoandaliwa kwa ajili ya wageni tu, na shahada isiyokuruhusu kutibu kule ilikotolewa ni vigumu kuitetea kwingine.

Wakala alipobanwa alituma picha ya World Directory of Medical Schools, orodha ya vyuo vya udaktari duniani, jina la chuo likiwa limezungushiwa duara jekundu. Orodha hiyo naipenda na ninaitumia, lakini wenyewe wameandika wazi kwamba kuwamo humo si ithibati, yaani si uthibitisho wa ubora wa chuo. Fungua ukurasa wa chuo, soma maelezo ya wadhamini wa orodha: hapo ECFMG, chombo cha Marekani kinachohakiki madaktari waliosomea nje ya nchi hiyo, huonyesha wahitimu wa miaka ipi wanaweza kuomba cheti chake. Halafu tafuta nani alikipa chuo ithibati. Shirikisho la elimu ya udaktari duniani, WFME, halitoi ithibati kwa vyuo. Linatambua vyombo vinavyoitoa. Chuo kikijitangaza kuwa "kimeidhinishwa na WFME", uliza jina la chombo kilichokikagua na ithibati yake inaisha lini.

Lakini pa kukaa zaidi ni hospitali. Maabara nzuri kwenye vipeperushi hainiambii kitu. Nataka kujua mwanafunzi wa mwaka wa nne anaingia wodi gani, wiki ngapi, chini ya nani, na anazungumza na mgonjwa kwa lugha gani. Darasani Kiingereza, wodini mama mjamzito anaeleza uchungu wake kwa lugha ya huko. Asiyeijua atasimama nyuma ya wenzake akitazama tu. Janga la 2020, kisha vita vya Ukraine mwaka 2022, viliwalazimisha wengi kusomea mtandaoni, na yapo mabaraza yaliyokataa kuhesabu mafunzo ya wodini yaliyofanywa hivyo. Ni sawa wakatae. Wengu lililovimba hulijui mpaka uliguse.

Mwenzangu mmoja alirudi na hati ya matokeo iliyosema "Upasuaji: amefaulu", basi. Baraza likataka idadi ya wiki na jina la hospitali. Chuo kilichukua muda mrefu mno kumjibu, na muda wote huo alikuwa nyumbani, daktari asiye na leseni. Mdogo wangu atakuwa na daftari, na kila akimaliza wodi msimamizi ataweka sahihi, tarehe na muhuri siku hiyo hiyo.

Vimebaki vyuo viwili. Kimoja kimetutumia orodha ya hospitali zake na wiki za kila idara bila kusukumwa. Kingine bado kinatuma vipeperushi. Barua kwa baraza imekwenda ikiwa na majina yote mawili, na ada haitalipwa popote kabla jibu lake halijafika.