Plasma au hamu yangu

Bado naisikia sauti ya Mzee, siku niliyoonyesha vipimo vyangu vya plasma, ile gesi ya moto mno ambayo elektroni zake zimeachana na atomi. Kikao kimekwisha, watu wanafunga kompyuta zao, akainama kwenye skrini yangu: "Mwanangu, hapo umeona plasma au umeona hamu yako?" Nikamjibu, "Ni plasma, Mzee." Akanigusa bega, akaenda zake.

Angenikaripia ningelala. Kule kunigusa bega ndiko kunakoniuma.

Wiki hii dada kajifungua salama, mkataba wangu umeongezwa, na mimi usiku namjibu mtu ambaye hayupo. Namweleza kwamba joto la plasma tunalipima kwa kuipiga leza, na elektroni zake hutawanya nuru kidogo mno: leza inapita na fotoni zisizo na idadi, zinazofika kwenye kihisi ni chache, tena zimezama kwenye mwanga wa plasma yenyewe. Mwanga wa leza unaogonga kuta nishauondoa kwa rekodi za chemba tupu. Na spektra, yaani nuru hiyo ikipangwa kwa rangi zake, sikuilainisha, Mzee! Kuilainisha ni kuipanua, na upana wake ndio unaotupa halijoto. Nilichotafuta katika kila chaneli, yaani kila kipande cha rangi, ni umbo la mpigo wa leza, nanosekunde chache tu, umbo ninalolijua tangu mwanzo. Naye kichwani mwangu anarudia palepale: au umeona hamu yako?

Alhamisi nikaichukua programu ileile nikaipa rekodi ambazo plasma inawaka lakini leza haikufyatuliwa. Hapo hakuna cha kukuta. Kama inabuni, ingebuni hapo. Majibu yakaanza kushuka kwenye skrini, mengine juu ya sifuri, mengine chini, wastani wake sifuri. Zile namba hasi nilizifurahia kuliko zote, nikasimama kabisa! Programu inayolazimishwa kutoa majibu chanya peke yake hugeuza kila mtikisiko kuwa elektroni. Yangu haikulazimishwa.

Mzee hupenda kusimulia habari za 1969, Waingereza wa maabara ya Culham walivyobeba leza yao hadi Moscow kuipima T-3, mashine ya plasma ya Wasovieti, kwa kuwa wengi nje hawakuliamini joto walilolitangaza Wasovieti. Leza ikathibitisha. Kumbe swali aliloniuliza ni lilelile waliloulizwa Wasovieti, na mimi nikalichukua kama dharau.

Jumatatu namwekea mezani grafu ya rekodi zisizo na leza, kabla ya ile nzuri.

Ila kaka hajapiga simu tangu dada ajifungue. Mama anasema yuko safarini. Safari gani hiyo isiyo na simu?